Miaka Kumi na Miwili Nikiwa Mdomo wa Mama

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Rafiki yangu wa dawati moja anasema mtu hawezi kustaafu kabla ya mtihani wa kidato cha nne, lakini huyo bado anasahau kuchomekea shati, kwa hivyo maoni yake tutayaweka kando. Mimi nilianza kazi nikiwa na miaka mitano. Nimetumika miaka kumi na miwili bila likizo, bila barua ya kuajiriwa, na siku ya kuondoka hakuna aliyenipa saa ya ukutani. Mama na Baba ni viziwi. Katika nyumba yetu hapa Voi ni mimi peke yangu ninayesikia, na hiyo ndiyo iliyokuwa barua yenyewe.

Mwalimu Mghoi ameniomba niwaandikie nyinyi wadogo mnaokutana kanisani Jumamosi, watoto mnaosikia mliozaliwa na wazazi wasiosikia. Alisema niandike yatakayowasaidia na nipunguze utani. Nimekubali moja kati ya hayo mawili.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika duka la vifaa vya kushonea. Mama ni fundi wa nguo sokoni. Alikuwa anatafuta zipu ya rangi ya damu ya mzee, na bibi mwenye duka alikuwa anamletea nyeusi, halafu nyekundu, halafu nyeusi tena, kila mara akiongeza sauti. Watu hupenda sana kumpandishia kiziwi sauti, kama mtu anayepigia ukuta honi. Mama akaninyanyua, akanikalisha juu ya kaunta, akasema kwa mikono, nami nikatoa kwa mdomo: damu ya mzee, inchi nane. Bibi akacheka hadi akajifuta macho kwa mtandio. "Kumbe una mdomo, mwanangu. Haya, mwambie mamako zimebaki tatu."

Tangu siku hiyo hakumtazama Mama tena. Alinitazama mimi. Wote hunitazama mimi. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mjue. Ukianza kazi hii, mamako ataanza kutoweka akiwa amesimama hapo hapo kando yako, na wewe utashinda ukiongea na watu wazima bila hata mmoja kuongea na wewe.

Vifaa vya kazi ni vichache. Mikono, uso, na mahali pa kusimama. Simama karibu na yule anayeongea, kidogo nyuma yake, ili mamako awaone nyote wawili bila kugeuza shingo kama kuku. Mwanga uwe mbele yako. Ukisimama na dirisha nyuma unakuwa kivuli kinachopunga hewa. Usitafune chingamu, maana uso nao unaongea na chingamu itaongeza maneno. Kucha fupi. Sweta ya shule yenye mikono mirefu ivutwe hadi kwenye viwiko. Na kila mtu apewe jina la ishara, kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kuandika hewani herufi kumi na moja za jina la chifu. Wetu tulimpa jina Tumbo. Hajui, na nyinyi msimwambie. Mimi mwenyewe naitwa Meno, kidole kikigonga meno ya mbele. Mnaonifahamu mnajua sababu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwamba niligundua mapema ninashika usukani. Nikiwa darasa la nne, mwalimu wa darasa alimwita Mama akalalamika kwamba naongea sana na kuwavuruga wenzangu. Nikamwambia Mama kwa mikono kwamba ninachangia sana darasani na wenzangu wananisikiliza. Siku hiyo nilinunuliwa chipsi. Mwaka uliofuata, baada ya ibada, mzee mmoja aliyekuwa mgeni alimshika Mama mabegani akaanza kumwombea afunguke masikio, kwa sauti, mbele ya watu. Mama akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anataka kushonewa suti. Mama akatoa utepe shingoni akaanza kumpima mabega. Mzee akadhani ni muujiza umeanza, akaongeza maombi, na Mama akamgeuza akampima mgongo.

Nilicheka peke yangu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Kichekesho unakiona wewe tu kwa sababu wewe ndiye uliye katikati, na huwezi kumgawia mtu yeyote bila kujishtaki.

Lakini siku ile kulikuwa na mtu mwingine aliyeona. Mwalimu Mghoi alikuwa ametoka tu kustaafu baada ya kufundisha viziwi kwa miaka mingi, na anasikia kama mimi na wewe. Alikuwa amekaa benchi la nyuma akisoma mikono yangu yote. Aliningoja nje. Hakufoka. Aliniambia nimemdanganya mamangu mbele za watu, na kwamba mtu mwenye macho mazuri kama Mama siku moja atajua, na siku hiyo hatakuwa na mtu mwingine wa kumwamini.

"Wewe ni bomba," akasema. "Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Kuchuja si kazi yako."

Nikampa jina la ishara papo hapo: Bomba. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alinifundisha kutosema "Mama anasema anaumwa" bali "naumwa", kwa sababu yule anayeongea ni Mama, na mimi namwazima mdomo tu. Mwanzoni nilijisikia mjinga, msichana wa miaka kumi na mbili kusema dukani "mume wangu anafanya kazi Taveta." Lakini watu walianza kumtazama Mama kidogo. Wakisikia "mimi" wanatafuta ni nani.

Kwa miaka kadhaa nikawa bomba zuri. Nilikwenda benki, kwa chifu, kwenye mikutano ya maji, kliniki ya meno. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, simu ilipigwa kwangu. Mama alikuwa anashona pindo la gauni la harusi, na ameinama, haoni mikono. Nikasimama mlangoni nikiwa na ile habari peke yangu mpaka afike mwisho wa pindo. Zilikuwa kama dakika mbili. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilimhesabia Mama hizo dakika mbili kama zawadi, na kwamba mimi sikuwa na wa kunipa zangu.

Sasa nafika kwenye siku iliyonistaafisha.

Likizo ya Aprili Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa imechukua muda mrefu kuja, na mimi ndiye niliyekuwa nimeililia zaidi. Mama aliniuliza kwa nini namtaka mtoto kiasi hicho, nikamwambia nahitaji msaidizi, nimeshampangia zamu ya benki. Hakucheka. Nadhani alielewa kwamba nilitaka mtu mwingine nyumbani atakayesikia mvua ikianza juu ya mabati, ambaye naweza kumwuliza, umesikia?

Kliniki walipima presha wakapima tena. Wakatutuma hospitali. Huko wakapiga picha ya tumbo, kisha tukaingizwa chumba cha daktari, kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Sista alipoona mkalimani ni mimi na sweta yangu ya shule, aliuliza kama hakuna mtu mzima. Baba alikuwa Taveta kwenye mashamba ya ndizi. Mwalimu Mghoi alikuwa amepanda kijijini Makwasinyi kwa mazishi na simu yake haishiki. Daktari akasema anaweza kungoja hadi kesho asubuhi, si zaidi ya hapo. Mimi, kwa kiburi cha miaka kumi na miwili, nikasema naweza.

Mama akakaa. Mimi nikasimama karibu na daktari, kidogo nyuma, mwanga mbele yangu. Kila kitu sawasawa.

Daktari akasema fuvu la mtoto halikujiunda upande wa juu na kwamba mtoto huyo hataishi nje ya tumbo, hata siku zikikamilika. Kwa mdomo mtu anaweza kunong'ona jambo kama hilo. Kwa mikono hakuna kunong'ona. Ishara ya kufa ina ukubwa wake na lazima uifanye kwa ukubwa huo. Nikaifanya. Mama akanitazama, akamtazama daktari, akarudisha macho kwangu nimalize.

Akasema pia kwamba presha ya Mama inapanda na figo zimeanza kulemewa. Mimba ikiendelea, Mama anaweza kushikwa na kifafa, anaweza kufa. Yeye na daktari mwenzake walikuwa wameona kwamba ni lazima mimba itolewe ili Mama abaki hai, lakini uamuzi ni wake. Kisha akaeleza njia. Ya kwanza ni vidonge: kimoja cha kumeza cha kutayarisha kizazi, halafu baada ya siku moja au mbili vingine vidogo vya kuleta uchungu. Ya pili ni kutoa kwa vyombo kupitia chini, ambayo katika miezi hii inataka daktari aliyeizoea, na huyo yuko Mombasa, na kwa presha hiyo hakupenda Mama awe barabarani. Ya tatu ni kumpasua tena. Hiyo ingeacha kovu la pili juu ya lile la kwanza, na kumfanyia ugumu mimba zijazo, kwa hivyo ni ya mwisho kabisa.

Alipendekeza vidonge. Lakini kwa sababu Mama alishapasuliwa mara moja, akasema, dozi itakuwa ndogo, kwa kuachanisha saa, na atakaa chini ya uangalizi wakati wote, kwa sababu uchungu ukiwa mkali kovu la kizazi linaweza kuachia. Si mara nyingi. Lakini linaweza, na likiachia atavuja damu ndani na watalazimika kumfungua haraka, na huenda kizazi kitolewe.

Hapo ndipo mikono yangu ikasimama.

Kovu hilo ni mimi. Mama amezaa mara moja tu. Nimeliona kila akibadilisha nguo, mstari uliolala chini ya kitovu, na nikiwa mdogo nilikuwa nikiliita mlango wangu. Akilini nilimwona Mama akiogopa, akikataa, akirudi nyumbani na presha yake, nami nikibaki katika nyumba ile bila mtu. Nikamwambia kwa mikono: vidonge ni salama.

"Sawa," Mama akasema. Haraka hivyo.

Daktari akafurahi, akadhani nimefikisha yote. Akampigia Baba kwa video, na Baba akajibu kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili umeshika simu, migomba ikiyumba nyuma yake. Alisema Mama aamue na kwamba yuko njiani. Kisha daktari akauliza kuhusu operesheni ya kwanza. Alieleza kwamba kovu la ngozi halionyeshi kizazi kilikatwaje huko ndani, na alihitaji kujua. Mama akafungua mkoba anaowekea karatasi za mitindo ya nguo, akatoa barua ya kuruhusiwa ya hospitali nyingine, imekunjwa mara nne, ina umri wangu. Daktari akaisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika: kulikatwa chini, kwa upana, na hiyo ndiyo njia salama zaidi kwa vidonge. Akaniambia nimwulize kama baada ya operesheni kulikuwa na homa, kidonda kufunguka, shida yoyote.

Mama alijibu kwa muda mrefu. Na mimi, kama Mwalimu alivyonifundisha, nikasema "mimi".

"Sikuwa na homa. Lakini hakuna aliyeniambia chochote. Walikuwa wamefunika midomo, sikuona hata mmoja akiongea. Walinilaza, nikaamka, tumbo halipo na mtoto hayupo. Niliuliza kwa mikono, wakanipigapiga bega. Nilijua mtoto wangu amekufa."

Daktari alikuwa anaandika. Mimi nikaendelea, kwa sababu mikono ya Mama ilikuwa inaendelea.

"Siku mbili nilikaa nikijua wamemzika. Siku ya tatu sista akaja na mtoto aliyekuwa amewekwa chumba cha joto. Nilidhani ni wa mtu mwingine. Nilikataa kumshika."

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Niliisikia kwa mara ya kwanza ikitoka kwenye mdomo wangu mwenyewe. Mama akamalizia, na nikasema: "Kwa hivyo safari hii nimefurahi. Safari hii nimeambiwa kila kitu."

Daktari akangoja kama kuna zaidi. Nikamwambia kwa mdomo kwamba kuna sehemu sikumfikishia Mama, kisha nikageuka nikamwambia Mama kwa mikono hilo hilo. Nimekuficha kitu. Nimekudanganya.

Mama hakunipiga. Alipiga meza kwa kiganja, mara moja, kama tunavyofanya nyumbani kumwita mtu aangalie. Akasema, rudia yote. Nikarudia yote, kuanzia fuvu. Nilipofika kwenye kovu nikaonyesha linavyoachia, na damu, na kizazi kutolewa. Nililia, lakini mikono hailii. Ukijitahidi inabaki safi. Mama alisoma hadi mwisho bila kunikatiza.

Halafu akauliza maswali, na maswali yake yalikuwa bora kuliko yangu yote. Nitajuaje kovu linaachia? Daktari akasema ni maumivu yasiyopumzika kati ya uchungu mmoja na mwingine, kizunguzungu, damu. Mama akauliza: wenzangu wakiumwa hivyo watapiga kelele na sista atakuja. Mimi nitamwitaje?

Daktari akaweka kalamu chini. Alikiri kwamba hilo hakuwa amelifikiria. Baada ya kuongea na sista akasema kitanda cha Mama kitawekwa mkabala na meza ya wauguzi, atapewa kengele ya mkononi, na lazima awepo mtu wa lugha ya ishara muda wote. Akanitazama mimi aliposema hivyo.

Mama naye akanitazama. Kisha akaongea na daktari, nami nikatafsiri, kwa sababu nilikuwa bado kazini.

"Nachagua vidonge. Lakini sitaki huyu."

Daktari akauliza huyu nani.

"Mimi," nikamwambia. "Anasema hanitaki mimi."

"Huyu si mkalimani," nikaendelea, maana Mama alikuwa anaendelea, "huyu ni mtoto wangu. Namngoja Mwalimu wake. Mnipe hadi kesho asubuhi."

Nimesikia kwamba watu wengine wakifukuzwa kazi hupewa barua. Mimi nilijifukuza kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kiswahili sanifu, bila kuruka neno. Nadhani ndiyo kazi safi zaidi niliyowahi kufanya.

Usiku huo Mama alilazwa, wakamtuliza presha kwa dawa. Ujumbe wangu ulimfikia Mwalimu Mghoi usiku huo huo, akateremka kutoka Makwasinyi asubuhi na basi la kwanza, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Daktari alirudia kila kitu tena mbele yake, na Mama akaweka sahihi. Mimi nikakaa kwenye benchi la nje na Baba, ambaye alifika na mkungu wa ndizi kwa sababu hakujua aje na nini. Sikuwa nimewahi kukaa hospitali bila kufanya kazi. Watu walipita wakiongea, milango, troli, redio ya mlinzi, na kwa mara ya kwanza hakuna sauti hata moja niliyotakiwa kuibeba. Ni upweke wa aina nyingine huo, na sikuutegemea. Kama mmezoea kulalamika juu ya kazi hii, jueni kwamba ikiondoka inaacha ukimya ambao nyinyi mnausikia na wazazi wenu hawausikii.

Kovu lilishika. Uchungu ulianza siku iliyofuata baada ya vile vidonge vidogo, na Mwalimu Mghoi hakuondoka kando ya kitanda. Alasiri mtoto akatoka. Alikuwa msichana. Mama alimshika, Baba akamshika, na wakaniuliza kama nataka. Nilimshika. Alikuwa mwepesi kuliko kitabu cha hesabu. Sikumtania.

Kesho yake nilikuja saa ya kutembelea wagonjwa, mchana. Mwalimu alikuwa ameenda kulala, Baba alikuwa ameenda kushughulikia maziko. Presha ilikuwa imeshuka. Mama alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, jua la dirishani limempiga mikononi. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, si kando. Sijui kama nilikuwa nimewahi kukaa mbele yake bila mtu wa tatu kati yetu, daktari au muuza zipu au chifu.

Akaanza kuniambia kitu. Alikisema polepole, akasimama, akaanza upya, akafuta kwa kiganja kama anavyofanya akikosea, akaendelea. Kilichukua muda. Sista aliyekuwa akipita na chati akasimama miguuni pa kitanda, akaniuliza mimi, kama kawaida.

"Anasema nini? Anaumwa?"

Mama alimwona midomo ikicheza, akatikisa kichwa mwenyewe kwamba haumwi, akanirudia.

"Haumwi, sista," nikasema.

"Sasa anasema nini maneno yote hayo?"

Nikamjibu bila kutoa macho kwenye mikono ya Mama kwamba hayo mengine ananiambia mimi.